Ya Kwanza au ya Pili?

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki tena. Nimekaa benchi saa mbili na nusu ili nikaongee na mtu dakika saba. Nilizihesabu, saa ya ukutani iko juu ya kichwa chake.

Daktari wangu ni kijana na miwani yake imekaa upande. Sikio moja liko juu kuliko lingine, kama la watu wote, na hakuna aliyejisumbua kumkunjia ule mkono wa fremu. Anataka kuninyoosha mimi na yeye mwenyewe kapinda. Ana kalamu anayoibonyeza, ta-ta, ta-ta. Akauliza, "Mama, ukilinganisha na mwezi uliopita, ni afadhali?"

Nikasema afadhali kidogo.

Akafurahi! Akaandika. Ile fomu ya maswali tisa nilishaijaza kwenye benchi. Kila swali unajipa alama mwenyewe — sifuri huna shida hiyo, tatu unayo karibu kila siku. Swali la kwanza linauliza kama nimekosa hamu au raha ya kufanya mambo. Niliweka moja. Swali la mwisho, lile la kutamani kufa, niliweka sifuri, na hilo ni kweli tupu. Sitaki kufa. Sitaki chochote, na kufa nako kumo.

Jumla tisa. Mwezi uliopita kumi na mbili, mara ya kwanza kabisa kumi na nane. Akanionyesha kwa kidole kama mwalimu na ripoti ya mtoto: tunashuka, mama. Vidonge vyeupe naendelea navyo, viwili asubuhi. Ameongeza cha pinki, kwa ajili ya hiyo raha. Cheupe kinainua, cha pinki kinaamsha, ndivyo alivyosema. Utadhani mimi gari la kusukuma. Halafu nisiache ghafla, na wiki nne nirudi tuone.

Wiki nne! Kazini kwetu tunabadilisha lenzi na mtu anajua kabla hajapepesa jicho.

Ukutani kwenye korido wameandika kwa rangi: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. Chini yake mtu kaongeza kwa kalamu ya mkono: na mfichua je? Huyo ndiye mtu pekee mwenye akili jengo lile zima.

Ijumaa, 7 Machi

Miaka kumi na tisa chumba cha nyuma cha duka la miwani, mimi na mashine ya kusagia lenzi, na pazia kati yangu na wateja. Ninasikia kila kitu. Mpimaji wetu wa macho si daktari ila anapenda aitwe hivyo. Kimoyomoyo namwita Mheshimiwa.

Leo alikuwa na mwalimu mstaafu. Akamvalisha ile fremu nzito ya majaribio, akawa anachomeka lenzi na kuchomoa. Ya kwanza... au ya pili? Ya pili, mwalimu akasema. Na sasa, ya pili... au ya tatu? Ya tatu, bora zaidi, herufi zimekaa vizuri kabisa.

Ya tatu ilikuwa ile ile ya pili. Ndiyo mtego wetu. Ukimshuku mtu kwamba anakuitikia tu, unachomoa lenzi, unaipangusa, unairudisha hiyo hiyo, unauliza tena. Nusu yao wananaswa. Wanadhani ni mtihani. Wanaogopa kumkosea aliyewapima, wanamtazama usoni badala ya kutazama herufi. Halafu wanakwenda nyumbani na miwani ya uongo wao, wiki ya pili wanarudi na kichwa kinauma, wanasema sisi wezi.

Watu wa namna hiyo nawadharau kwa moyo wangu wote. Umekuja mwenyewe, kwa miguu yako, kutafuta msaada wa kuona, halafu unamdanganya anayekusaidia! Mheshimiwa alipita nyuma ya pazia akanikonyeza, akanong'ona kwamba mwalimu kafeli. Hapo zamani ningecheka. Nilijua kabisa kwamba ni hapo, mahali pa kucheka ni hapo. Nikakata lenzi.

Jumanne, 11 Machi

Cha pinki kinakausha mdomo. Ulimi kama kitambaa cha kufutia. Mikono inatetemeka asubuhi, kidogo tu, na kidogo tu kwa kazi yangu ni fremu iliyokwaruzwa. Nimeharibu moja. Mheshimiwa akaiweka tu kwenye droo ya vipuri. Huruma yake inaniudhi kuliko kukaripiwa.

Raha — hakuna.

Jumapili, 16 Machi

Wifi kaja. Dada wa marehemu mume wangu, mkubwa wake kwa miaka minne, anatembea kama kiranja. Kabla hajakaa alishapangusa meza kwa kiganja na kutazama kiganja.

Akaniambia nitoke, nijichanganye na watu. Jirani yake alifiwa akajiunga na kwaya, sasa amenenepa. Akaniambia dawa nyingi zinamfanya mtu gogo. Akaniambia ndugu yake angekuwa hai asingependa kuniona hivi.

Angekuwa hai nisingekuwa hivi, wifi. Sikulisema. Mimi huwa sisemi. Huyu mtu mpole anayemkaribisha chai na kumwambia ahsante wifi, nitajaribu, hakuna anayejua anayoyaandika humu.

Akaona alama ya duara mezani, akauliza ni nini. Nikamwambia ni chai ya ndugu yake. Alikuwa akimimina chai pembeni ya kikombe. Si kila mara, lakini mara nyingi. Halafu anakitazama kikombe kwa mshangao mkubwa: kikombe hiki kina miguu, kimehama. Kila wiki utani ule ule. Nilikuwa nacheka kila wiki, mjinga mimi.

Wifi akatoa kitambaa, akajaribu kuifuta ile alama. Nikamwambia haitoki. Akaendelea kusugua.

Jumatatu, 24 Machi

Nimejipima mwenyewe. Nilichukua mapumziko ya mchana nikakaa ngazi ya nyuma ya duka na chungwa. Marehemu alikuwa analimenya kwa mkanda mmoja usiokatika, anauning'iniza sikioni kwangu anasema hereni. Nikamenya. Nikala taratibu, kwa makini, kama mtu anayefanya kazi ya shule.

Ni tamu. Najua ni tamu, kama ninavyojua mji mkuu wa nchi nisiyowahi kufika.

Maganda nikayatupa.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo daktari alikuwa na foleni hadi nje. Nesi alimwambia mtu, na mimi nikasikia, kwamba daktari hajala tangu asubuhi. Nikaingia. Miwani bado upande. Ta-ta, ta-ta. "Vipi mama, tunasonga mbele?"

Uso wake! Kama mtoto aliyekuletea chai aliyoipika mwenyewe, anasubiri uonje.

Nikasema tunasonga.

Fomu ilikuwa na saba. Raha niliweka moja tena. Mdomo mkavu sikuutaja, mikono sikuitaja. Usingizi nilisema wa kukatika katika, hilo nililitoa bure kwa sababu lilikuwa kweli na halimuumizi. Akaongeza nusu ya kidonge cha njano cha kulalia. Sasa ni rangi tatu. Akaniambia mchanganyiko huu unaonekana umenikubali, na nikirudi mwezi wa tano nikiwa hivi hivi, atausimamisha hapo. Nitakuwa nachukua dawa dirishani tu, miezi sita sita, bila haja ya kumwona. "Utakuwa umehitimu, mama."

Nimehitimu nini? Nimehitimu kukaa hivi. Chungwa kama mji mkuu wa mbali, mpaka nife, na muhuri wa serikali juu.

Njiani nilimdharau barabara nzima. Kijana amesoma miaka saba na hawezi kuona mtu aliye mbele yake! Nilipofika nyumbani nikawa nafungua mlango, nikakumbuka kwamba yeye hana mashine ya kupimia. Ana mdomo wangu tu.

Nikaingia ndani. Sikutaka kuendelea na wazo hilo.

Jumatano, 9 Aprili

Hakuna.

Alhamisi, 10 Aprili

Hakuna. Lenzi kumi na nne.

Jumanne, 15 Aprili

Cha njano kinanilaza kama jiwe na kuniamsha kama jiwe. Nimeongezeka kilo mbili bila kufurahia hata tonge moja. Huo ni wizi.

Jumamosi, 19 Aprili

Wifi kaja na mifuko mitatu. Miezi kumi na minne inatosha, alisema, nguo zinaliwa na nondo na kuna watu hawana. Nikamwambia sawa. Nilikaa kitandani nikimtazama akikunja mashati ya ndugu yake, kifua ndani, mikono nyuma, anayabana na kidevu. Alikuwa haraka haraka. Alipofika shati la bluu la kazini, lile lenye alama ya wino mfukoni — alikuwa mtunza stoo wa shule, kalamu zilimvujia maisha yake yote — wifi akasimama nalo. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja. Akalitia kwenye mkoba wake, si kwenye mfuko. Nikajitia kutazama dirisha.

Mimi sikulia. Sijalia tangu mazishi, na mazishini vilevile sikulia. Watu walinisifu nina moyo.

Droo ya mwisho ilikuwa na miwani. Wifi akasema si kazini kwenu mna lile sanduku la miwani ya watu wasio na uwezo, ipeleke. Nikaiweka kwenye mkoba.

Miwani hiyo niliitengeneza mimi. Na aliivaa upande! Aibu gani ile — mke fundi miwani, mume anatembea nayo imeinuka jicho la kulia kama nyusi ya mtu asiyekuamini. Kila Jumapili nilimvua, nikaipasha moto, nikainyoosha mikono, nikaijaribu mezani mpaka ikakaa sawasawa. Jumatatu jioni iko upande. Nikamwambia unailalia. Akasema labda. Nikamwambia una kichwa kibovu. Akasema ndiyo maana nikakuoa. Akifungua gazeti anaisukuma na kidole upande mmoja juu, kidogo, halafu ndiyo anaanza kusoma kwa sauti, na mimi namwambia iache!

Ni hiyo ishara ya kidole ninayoikumbuka kuliko uso wake.

Jumanne, 22 Aprili

Nataka niiandike kwa utaratibu.

Miwani yote ya sanduku lazima ipimwe kabla, tuifungie karatasi ya vipimo. Nilikuwa na tisa. Yake niliiweka ya mwisho. Nikaiweka chini ya mashine ya kupimia lenzi, nikatazama ndani.

Jicho lake la kulia lilikuwa na mpindo, kioo cha jicho kisicho duara sawasawa, lile la kushoto halina. Lenzi ya mpindo si kama nyingine, ina upande wake: ikiwekwa imezunguka kidogo tu, dunia inalala. Mashine ikaniambia nyuzi tisini na tano. Nikaandika. Halafu mkono ukasimama, kwa sababu vipimo vya macho yale navijua kama jina langu. Themanini na tano.

Nikapima tena. Nikaigeuza, nikapima tena. Nikaenda kabatini kutafuta kadi yake. Themanini na tano, mwandiko wa Mheshimiwa. Ukiweka alama lenzi ukiwa umeishika mbele nyuma, mteremko unaangukia upande wa pili — themanini na tano inakuwa tisini na tano. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Ndiyo maana kila miwani hukaguliwa na mtu wa pili kabla haijatoka. Hiyo haikukaguliwa. Ya nyumbani, nilisema, niipeleke tu. Tarehe kwenye kadi ni wiki ile niliyorudi kazini kutoka kumzika mama.

Halafu nikafanya jambo moja. Nikaishika miwani mbele yangu, nikaiinua upande wa kulia, kidogo, kama alivyokuwa akiisukuma na kidole. Nikaitazama kwenye mashine hivyo hivyo, imeinuka.

Themanini na tano.

Miaka mitatu. Alikuwa anajinyooshea dunia kwa kidole, na kila Jumapili mimi naipasha moto namrudishia ikiwa imelala. Kikombe chenye miguu. Vidonge vya kichwa alivyokuwa ananunua akisema ni jua. Nilikuwa namuuliza kila mara, unaona vizuri? Na yeye, huyo mpumbavu, huyo mwongo wa kupindukia, anasema, "Kwa mkono wako, nitakosaje kuona?"

Si miwani iliyomuua. Ni moyo, alianguka stoo kazini, walinieleza na nikaelewa. Naliandika hapa ili nisije nikaanza.

Mheshimiwa akaingia kuchukua tisa za sanduku, akaona kadi. Nikamsukumia mashine atazame. Akatazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akavuta kiti.

Akaniambia marehemu alikuja kwake mara moja, mchana, mimi nimetoka kula. Alilalamika mistari ya gazeti inapanda mlima. Mheshimiwa akajua hapo hapo, akamwambia iache, fundi atairekebisha kwa robo saa. Marehemu akakataa. Akasema fundi ametoka kuzika mama yake, mikono bado inamtetemeka, akisikia kakosea kazi yake mwenyewe ataanguka. Atulie kwanza, nitamwambia mwenyewe.

"Na wewe ukanyamaza," nikamwambia.

"Aliniapisha, fundi. Halafu siku zikapita, nikadhani alishakwambia."

Wajinga wawili! Wajinga wawili wazima wenye ndevu, wamekaa na siri ya nyuzi kumi kama siri ya serikali. Robo saa! Ningelia kidogo, ningetukana kidogo, ningekata lenzi mpya, na mwanaume angesoma gazeti lake miaka mitatu kama binadamu. Kumbe alikuwa ananihurumia. Alinihurumia mpaka akaishi kwenye dunia iliyopinda, na mimi nikawa namwita kichwa kibovu.

Nilisimama nikapiga meza. Kile kisahani cha skrubu kikaruka, zikatawanyika chumba kizima. Mheshimiwa akapiga magoti kuziokota, mheshimiwa mzima, na tai yake.

Ni hasira ile. Nilichelewa kuitambua, kama unavyokutana njiani na jirani wa zamani, umeshampita ndipo unageuka. Mikono ilikuwa ya moto. Ilidumu labda dakika tano, kisha ikaondoka na kufunga mlango.

Ni cha pinki au ni marehemu? Sijui.

Jumatano, 23 Aprili

Hakuna. Lakini si hakuna ya juzi. Kuna mahali panauma, kama jino linalofikiria.

Jumapili, 27 Aprili

Miwani sikuiweka sandukuni. Mheshimiwa anasema tunaweza kuifungia karatasi yenye vipimo vyake vya kweli, tisini na tano. Kuna mtu mahali fulani jicho lake limepinda hivyo hasa, kwake itakuwa miwani sahihi kabisa. Ni kweli. Nikamwambia atasubiri huyo mtu.

Wifi kapiga simu. Nilimwambia habari ya miwani, sijui kwa nini. Halafu akasema tangu mdogo alikuwa hivyo. Mama yao alimnunulia viatu vidogo kwa nambari moja, akavaa mwaka mzima, akawa anatembea kama bata, anaulizwa anasema vinanitosha mama. Wifi akasema familia yetu tunapenda kumpendeza mtu mpaka tunamuudhi. Kisha akaniuliza kama nimejiunga na kwaya.

Jumamosi, 3 Mei

Nimewaza neno hili siku nzima nikiwa kwenye mashine, na nimelizunguka kama anayezunguka shimo. Sasa niliandike nilale.

Mwalimu mstaafu ni mimi.

Nimekaa kwenye kiti mbele ya kijana wa watu, anachomeka na kuchomoa, cheupe, cha pinki, cha njano, anauliza ya kwanza au ya pili, na mimi sitazami herufi, namtazama usoni. Kila mchanganyiko aliounda ameujenga juu ya afadhali zangu. Namdharau hana macho, na mimi ndiye niliyempa kadi ya uongo. Nimefanyiwa uongo wa huruma miaka mitatu na nimeona ulivyoishia, halafu mimi nampa mtu mwingine huo huo!

Marehemu alikuwa na udhuru. Alinipenda. Mimi huyu daktari hata simpendi.

Alhamisi ananihitimisha.

Jumatano, 7 Mei

Nimetia bisibisi ndogo kwenye mkoba. Sijui kwa nini nasema sijui. Najua.

Alhamisi, 8 Mei

Naandikia humu humu ndani ya chumba cha daktari, nyuma ya karatasi ya namba ya foleni na sasa kwenye daftari, kwa sababu ametoka na nina dakika.

Fomu niliijaza kwenye benchi, taratibu, nikitazama maswali badala ya kumwaza yeye. Raha: tatu. Mwisho: sifuri, bado kweli. Jumla kumi na sita. Mkono ulitaka kuweka mbili pale kwenye tatu, iwe kumi na tano, ionekane vizuri. Nikaupiga.

Alikuwa ameshaandaa ile kadi ya kuchukulia dawa dirishani, na jina langu juu yake. Akasoma fomu. Akasoma tena. Kalamu ikanyamaza. "Mama. Tumerudi nyuma?"

Nikamwambia hatujawahi kwenda mbele. Hasira nimeipata mara moja, dakika tano, tarehe ishirini na mbili. Mdomo umekauka tangu Machi, mikono inatetemeka, nimenenepa, na chungwa halina maana. Zile afadhali zote nilikuwa nakupa wewe.

Nilidhani atakasirika. Ningemheshimu. Hakukasirika, alivua miwani akasugua macho, na nikaona zile alama mbili nyekundu za miwani juu ya pua, moja imezama kuliko nyingine. Miezi yote hii inamkata. Akauliza kwa sauti ndogo kwa nini sikumwambia. Nikamwambia hukuwa umekula.

Akanitazama, lakini bila miwani sijui aliona nini.

Nikaomba miwani. Akanipa kama mtoto anavyokabidhi kitu alichokatazwa. Nilikuwa nimeshatoa bisibisi, kidole kiko kwenye skrubu, ndipo nikaacha. Nikamvalisha tena. Nikainyoosha kwa mkono, nikaishika hapo, nikamwambia atazame lile bango la ukutani kuhusu kunawa mikono. Kisha nikaiachia ikalala upande wake. Nikamuuliza ya kwanza au ya pili.

"Zote sawa, mama," akasema, haraka.

"Usinipendeze, daktari. Tazama tena."

Akatazama tena. Alichukua muda wake. Akasema ya kwanza, iliyonyooka, ila haina tofauti kubwa, na ile ya pili inaumiza pua. Basi hilo ni jibu. Nikaichukua, nikaanza kazi.

Akakusanya faili, ile fomu na kadi ya dirishani. Akasema haya yanahitaji mkubwa wake, vyumba viwili mbele. Huenda tukatoa cha pinki, huenda tukaanza upya kabisa, itachukua wiki nyingine na hawezi kuniahidi kitu. Nisiondoke. Nikamwambia naondokaje na miwani yako. Akatoka hivyo hivyo, mkono unapapasa ukuta.

Mlango aliuacha wazi. Korido ina mizani ya kupimia uzito, ile ndefu ya kusimamia, nesi kaitundikia koti lake. Daktari wangu akaigonga na bega. Akarudi nyuma hatua moja, akaiinamia, akaiambia, "Samahani sana, mama."

Sauti imenitoka puani, pale pale mahali pa kucheka. Fupi. Mtu wa benchini amegeuka kunitazama, kwa hiyo ilisikika, sikuiota.

Miwani ipo tayari. Nimeiweka mezani, vioo viwili na ncha mbili za mikono, miguu yote minne inagusa. Nawasikia wanakuja, watu wawili, yeye anaeleza na mwingine anauliza maswali. Wataniuliza tena tangu mwanzo. Fomu anayo yeye, nimeshaweka tatu, na tatu ni kweli. Lakini ile sauti ya puani — kwenye yale maswali tisa, ile inaandikwa wapi? Wako mlangoni